Kwaresima ya Muuza Biskuti

Zamani, nilipokuwa utingo wa lori la chumvi, palikuwa na nyani mmoja dume pale barabara inapokata mbuga, kabla ya kufika Kikorongo. Sikio lake moja lilikuwa limechanika, sijui alipigana na nani. Nyani wengine walikimbilia kila gari. Huyu hapana. Alikaa juu ya jiwe, mikono magotini, kama mkubwa wa kizuizi, akingoja lori letu tu, maana dereva wetu alimzoesha mkate wa dukani, ule mweupe wenye sukari. Mlio wa injini yetu aliujua. Porini kulikuwa na mizizi na panzi wa kumtosha, lakini kuchimba alishaacha. Tumbo lilimtoka kama la diwani.

Siku moja dereva akasimamisha lori, akanyoosha mkate. Nyani akautazama. Akamtazama dereva, akanitazama na mimi. Halafu akashuka jiweni, akageuka, akaingia kwenye nyasi taratibu, bila hasira. Hatukumwona tena. Dereva aliumia kama mtu aliyeachwa na mke. Mkate nilikula mimi.

Nimeanza mbali, mtanisamehe. Nilisoma hadi darasa la tatu, la nne nililiona kupitia dirisha. Nilitaka kusema habari ya mguu wangu.

Kiatu kipya kilinichubua chini ya kidole gumba cha kushoto, na kidonda kikakataa kukauka. Bibi yangu, yaani mke wangu, akanipeleka Kasese kwa nesi, msichana mwembamba mwenye sauti ya afande.

"Mzee, unakula nini?"

"Muhogo. Sombe ya majani yake. Samaki wa Kahendero."

"Unakunywa nini?"

"Maji."

"Toa ulimi."

Nikautoa. Ulikuwa mwekundu mpaka kooni, kwa soda ya asubuhi.

"Hayo maji yenu ya Bwera yana rangi nzuri," akasema nesi. Bibi yangu alicheka mpaka akashika ukuta. Lakini nesi alipopima damu, hakucheka mtu. Sukari ilikuwa imepanda. Akanieleza bila kuzunguka: nikiendelea na soda na biskuti, kidole kitakatwa, na baada ya kidole wataanza kuutazama mguu. Tena Ramadhani nisifunge, kwa sababu ya dawa. Imamu naye akanipa ruhusa hiyo hiyo.

Sasa nieleze ugonjwa wenyewe, maana mguu ulikuwa dalili tu. Ugonjwa ulikuwa biskuti zenye krimu katikati. Mimi nazifungua, naramba krimu, naunganisha tena vipande vikavu, nawapa wajukuu. Wanasema, babu anatupenda. Nikisikia karatasi ya biskuti ikilia katika nyumba ya tatu, shingo inageuka yenyewe.

Bibi yangu akazunguka maduka ya Bwera, akiwakataza kuniuzia kitu kitamu. Wauzaji Waislamu walimsikiliza kama khutuba ya Ijumaa. Nikigusa pakiti, naambiwa, "Mzee, weka chini." Madereva wenzangu wa zamani wakaanza kunisalimia, "Vipi mguu wa krimu?"

Mwaka ule Ramadhani na Kwaresima zilikuja pamoja. Mimi ruhusa ya kula mchana ninayo, lakini nitakulia wapi? Huwezi kutafuna mbele ya watu ambao hata mate wanaogopa kumeza. Nikamkumbuka yule mama Mkongomani wa Butembo, Mkatoliki, mwenye duka karibu na mpaka, na nyuma ya duka kuna pazia. Bibi yangu na yeye walikuwa hawasemezani tangu ugomvi wa beseni. Nikaona Mungu ananipenda.

"Karibu Papa. Mbona unaingia kama mwizi?"

"Nipe zile zangu. Na soda nyekundu."

"Bibi yako alikuja hapa."

"Hamsemezani nyinyi."

"Alikuja. Alisimama pale inje akaongea na ukuta. Mie nikasikia."

"Ukuta hauuzi biskuti. Wewe unauza."

Akavuta kiti, akakaa, akakunja kitenge magotini. "Papa, si juu ya bibi yako. Padiri alisema kila mutu aache kitu anapenda, mupaka Pasaka. Dada yangu ameacha bia. Jirani ameacha nyama. Mie bia sinywi, nyama sina. Nikawaza, ni kitu gani nikikosa kitaniuma? Ni weye. Hakuna mutu ananunua biskwi kama weye. Basi nimeacha weye."

"Mtu haachwi kwa Kwaresima."

"Nimeshaahidi mbele ya Mungu."

"Mimi ni Mwislamu. Ahadi yako hainihusu."

"Ndiyo maana kuishika ni kazi ya nguvu."

Nikatoka na mate yangu mdomoni. Nilikuwa nimebanwa pande zote, kule Waislamu, huku Wakatoliki. Nikamgombeza kila mtu nyumbani, na mbuzi pia. Siku moja niliokota karatasi ya biskuti njiani nikairamba, na ilikuwa na vumbi, na niliiramba hivyo hivyo. Nikipita mbele ya duka lake kutazama mawingu, yule mama anapiga ishara ya msalaba na kugeuza uso. Nikaazima kanzu na kofia ya mdogo wangu, nikaingia na sauti nyembamba.

"Papa," akasema bila kuinua macho, "kanzu si yako, lakini kuchechemea ni kwako."

Nikarudi kwenye muhogo wa bibi yangu na karanga zake. Sitasema ulikuwa mtamu. Ila baadaye sombe ilianza kuwa na ladha niliyokuwa nimeisahau, ladha ya majani, au labda ni njaa. Idd ilipofika, shemeji akaleta soda. Nikaonja, ikanikaba kooni kama dawa ya kikohozi. Nikamaliza chupa, sidanganyi. Lakini ya pili sikuomba, na bibi yangu akanishika paji la uso kuona kama nina homa.

Pasaka ikafika. Nilikuwa napita kwenda sokoni nikasikia mlangoni, "Papa! Kwaresima imeisha. Nimekurudisha."

Alikuwa bado na nguo ya misa. Juu ya meza ameweka pakiti ya zile zenye krimu na soda nyekundu, imefunguliwa, inatoa povu.

"Ni zawadi ya Pasaka," akasema.

Nikashika pakiti. Ikalia. Mate yakaja yote kwa pamoja. Anayekuambia hamu inakufa, muulize amekula nini kabla ya kusema hivyo. Nikatazama mguu wangu katika kandambili. Kidonda kimekauka, ngozi mpya laini kama ya mtoto. Yeye pia akainama kutazama.

"Imepona?"

"Imepona."

"Basi kula."

Nikairudisha pakiti mezani polepole, isilie.

"Unaenda wapi, Papa?"

"Hapo nje kidogo."

"Sukre yako, soda hii, itapata moto."

"Ifunike."

Nikashuka ngazi. Nyuma yangu nilimsikia akimwambia jirani, "Angalia, hachechemei." Sikugeuka. Nikapita soko, nikapita msikiti, nikapinda, na katika lile duka sijarudi.