Shikamoo Iliyomponza Mtafsiri wa Filamu Endasak

Saa tisa alasiri, Jumapili. Ibada zimekwisha, pikipiki zimeegeshwa mbele ya banda la video la Endasak, na Zita Akonaay anapuliza maiki kuona kama inasikika.

"Karibuni wazee wangu, wamama karibuni. Leo hakuna ngumi wala bastola. Leo ni habari za familia."

Zita, mama wa watoto watatu, ni mtafsiri wa filamu. Hukaa kwenye stuli kando ya televisheni, akisoma maandishi ya Kiingereza yanayopita chini ya picha na kuyasema papo hapo kwa Kiswahili. Sauti ya mzee ni yeye, ya mtoto ni yeye, na ya ng'ombe ikihitajika ni yeye pia. Siku nyingine analima mahindi na maharage.

Kazi yenyewe iko shakani. Vijana wanaangalia filamu kwenye simu, na Vicent, mwenye banda, amemwambia wazi kwamba watu wazima wasipokuja, atabakiza mpira tu.

"Mpira una mtangazaji wake," anasema Vicent bila kumung'unya maneno. "Zita nitamlipa wa nini?"

Ndiyo maana leo Zita ameleta filamu iliyotokana na tamthilia ya zamani ya Kirusi. Inahusu kijana anayerudi kutoka mjini kurithi shamba la baba yake, na yaya mzee aliyemlea, ambaye bado yumo jikoni.

"Wazee wetu hawana haja na magari yanayolipuka," anasema. "Shamba, urithi, mtoto aliyepotelea mjini, hayo wanayajua."

Banda limejaa. Kwenye filamu, kijana anaingia jikoni na kumdai yaya chai. Hivyo tu, kwa bibi mwenye mvi! Mdomo wa Zita unagoma.

"Shikamoo, bibi," anamsemea kijana. "Naomba chai."

Watu wanaguna kwa kuridhika. Tangu hapo, kila kijana akikutana na yule bibi, Zita anamwongezea shikamoo, na watazamaji wanaamini bibi ndiye mwenye nyumba. Hata mwandishi wa habari hizi alianza kumpenda kijana.

Kumbe! Mwishoni kijana anamfukuza bibi kwa sababu hana nguvu tena. Mkokoteni unamsubiri uani, na theluji inaanguka.

"Haiwezekani!" Mzee Hhando, mfugaji, anasimama. "Kijana mwenye adabu vile hafukuzi mzazi. Wewe Zita, umetafsiri nini?"

Watu wanaanza kutoka. Vicent ameshika kichwa.

Zita anasema kweli. "Nisameheni, wazee. Hakumwamkia hata mara moja. Shikamoo nilimwekea mimi. Nilishindwa kumnyima yule bibi."

Mzee Hhando anarudi kwenye benchi. "Basi irudishe. Tumwone alivyo."

Inarudishwa. Safari hii Zita anasema kilichoandikwa, na kila "lete chai" inauma. Mkokoteni unapoondoka, hakuna anayebisha.

Marieta Bura, mkulima kutoka Masakta aliyefanya kazi za ndani Arusha tangu usichana mpaka alipoota mvi, analia waziwazi.

"Watoto wa ile nyumba niliwabeba mgongoni," anasema. "Walikuwa wananiita 'wewe'. Shikamoo sikuisikia. Nilidhani ni mimi peke yangu."

Mlangoni, Vicent anamsimamisha Zita. "Jumapili ijayo uje," anamwambia. "Na nyingine zote. Ila usimpambe mtu tena."

Zita anacheka. Sasa anapanga kurekodi filamu hiyo yote kwa Kiiraqw, lugha ya wenyeji wa hapa, kwa ajili ya wazee wanaochoshwa na Kiswahili. Sauti ya bibi amempa Marieta.

Marieta amekubali, kwa sharti moja.

"Kijana asiniamkie," anasema, akijifuta macho kwa ncha ya kanga. "Waache watu wasikie inavyouma."