Jiwe la Mauve

Kuna sauti ambayo watoto wa siku hizi hawaijui: ile ya taa ndefu ya mrija inayojikongoja kuwaka. Kwanza inagonga, tiki, tiki, tiki, kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni. Halafu inapepesa. Halafu inavuma, nzzz, na chumba kizima kinakuwa cheupe kama maziwa yaliyotiwa maji. Balbu za sasa zinawaka papo hapo, hazina adabu hata ya kubisha hodi. Lakini mwezi uliopita niliingia kwenye duka moja la Old Town, hapa Lilongwe, kukwepa mvua, nikasikia tiki, tiki, tiki juu ya kichwa changu. Ghafla nilikuwa tena na miaka kumi na mmoja, nimesimama katikati ya wanawake wawili wasiosemezana, kila mmoja amenishika mkono mmoja.

Nimezunguka sana tangu hapo. Nimeuza vitenge Lusaka, nimepika kwenye hoteli ya madereva wa malori kule Tete, nimekaa Mbeya mpaka mwenye nyumba akasahau kuwa mimi ni mgeni. Miguu yangu haijui kutulia. Ila kila ninaporudi Malawi, kabla sijakumbuka kitu kingine chochote, naikumbuka pete ya Tantine Zawadi.

Tantine alikuwa mdogo wake mama. Sisi wa Bukavu, kule Kongo, ndivyo tunavyowaita wadogo wa mama zetu, na huyu alikuwa wa pekee niliyekuwa naye. Tulifika watatu kwenye kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, karibu na Lilongwe: mama, Tantine na mimi. Nyanya wa mama na Tantine, ambaye sote tulimwita Koko, alibaki. Siku ya kuondoka aliichukua pete yake, akaididimiza ndani ya kipande cha sabuni ya kufulia, akalainisha juu kwa maji mpaka tundu likaziba. Akampa Tantine na kumwambia, "Hii usifulie." Basi njia nzima Tantine alitembea na nguo chafu na sabuni mkononi, na watu wakamwona mvivu. Pete ilipotolewa, tayari tumeshajenga nyumba yetu ya tofali za udongo, ilikuwa bado inanukia sabuni. Nadhani ilinukia hivyo mwaka mzima.

Jiwe lake lilikuwa dogo, kama nusu ya harage. Mchana lilikuwa na rangi ya maua ya jakaranda yaliyokwisha kulala chini siku moja, zambarau iliyopauka, yenye upole. Jioni, mama alipowasha koroboi, jiwe lilibadilika. Lilikuwa waridi, rangi ya ufizi wa mtoto mchanga. Mimi nilifanya mchezo wangu hapo. Niliushika mkono wa Tantine kama bakuli, nikautoa mlangoni penye mwanga wa mwisho wa jua: jakaranda. Nikaurudisha ndani: ufizi. Nje, ndani, nje, ndani, huku yeye akijaribu kuchambua mchele.

"We mutoto, utanikata mukono siku moja utembee nayo," alikuwa akisema, lakini hakuuondoa.

Sasa niwaambie kuhusu Égide. Alikuwa fundi cherehani, Mrundi, mrefu, mwenye haya, na cherehani yake ilikaa chini ya bati karibu na soko. Tantine alimpelekea zipu iliyoharibika. Wiki iliyofuata akampelekea zipu ambayo haikuharibika. Mama alipomwona anatafuta sketi ya tatu alicheka mpaka akakaa chini. Muda si muda habari zikawa wazi, na ikabaki jambo moja: mama yake Égide aje kumwona binti.

Mama Égide aliishi miaka mingi Kigoma kabla ya kuletwa na vita vingine na njia nyingine hadi Malawi, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama nguo iliyopigwa pasi. Chetu kilimchekesha. "Hawa wa Bukavu," alikuwa akisema, "Kiswahili chao kinatembea bila viatu." Alikuwa mama wa kanisa, mwenye sauti, na kichwani hakukosa kilemba chake cha zambarau ya kuiva, cha umoja wa akina mama wa kanisani, alichokifunga kwa namna ambayo hata upepo ulikiheshimu.

Alikuja saa kumi jioni. Alikaa uani kwenye kiti chetu kimoja chenye mgongo, akanywa chai, akaiona pete. "Pete nzuri," akasema. Mambo yalikwenda vizuri. Jua likazama, tukaingia ndani, mama akawasha koroboi, na Tantine akanyoosha mkono kumwongezea chai.

Mama Égide alikitazama kidole kile. Akaweka kikombe chini.

"Binti, umebadilisha pete?"

"Hapana, mama. Ni ile ile."

"Ile ilikuwa zambarau. Hii ni nyekundu nyekundu. Ni jiwe gani hili?"

Tantine, kwa furaha ya kuulizwa, akajibu kama mtu yeyote wa kwetu angejibu, maana rangi ile sisi tunaiita kwa Kifaransa, mauve, na mdomoni mwetu inatoka "movu":

"Ni jiwe ya movu, mama. Njo vile iko. Koko yangu njo alinipatia."

Chai haikumalizika. Mama Égide aliaga akisema kichwa kinamuuma, akatoka akiwa ameshika kilemba chake kwa mikono miwili.

Jumapili ikawa mbaya zaidi. Kanisa letu lilikuwa na jenereta, na siku ya mawingu waliwasha mirija miwili juu ya kwaya. Tantine aliimba mstari wa mbele. Tiki, tiki, tiki, nzzz. Akainua mkono kumsifu Mungu, na jiwe, mbele ya macho yetu wote, likawa la bluu. Sikuwa nimewahi kuliona hivyo. Bluu ya baridi, kama moshi wa kuni mbichi. Mimi nilifurahi kupita kiasi, nimepata rangi ya tatu! Mama Égide alisimama, akahama benchi, akaenda kukaa mwisho kabisa, karibu na mlango.

Kesho yake Égide alikuja kwetu, utepe wa kupimia bado unaning'inia shingoni. Alisema akitazama viatu vyake: mama yake amekataa. Ama Tantine aitupe ile pete chooni, ama harusi hakuna.

"Nitupe?" Tantine alisema. "Kintu Koko alificha mu sabuni? Nitupe mu choo?"

"Mimi sikusema. Mama njo amesema."

"Basi uende ushone na mama yako."

Égide akaenda. Tantine akachambua mchele uleule mara mbili, halafu akaumwaga sufuriani pamoja na mawe yake. Siku ile tulikula tukitema. Mimi nilikuwa nimeahidiwa kushika ua mbele ya maharusi na gauni jipya la kushonwa na Égide mwenyewe, kwa hiyo msiba ulikuwa wangu pia. Lakini zaidi ya gauni, nilimsikia Tantine akilia kwa sauti ndogo huku akijifanya anapuliza moto, na moto ulikuwa tayari unawaka.

Ukweli niliupata kisimani. Nilikuwa foleni na ndoo yangu, na Mama Égide yuko mbele yangu anawaeleza wenzake: "Wala sikumsingizia. Amekiri mwenyewe kwa kinywa chake! Nimemuuliza jiwe gani hili, akaniambia ni jiwe la maovu, bibi yake ndiye aliyempa!"

Nilicheka. Sikuweza kujizuia. Nilicheka mpaka ndoo ikaanguka ikabiringika.

"Nini, we mtoto?"

"Mama, si maovu! Ni mauve! Ni rangi! Ni Kifaransa! Kama kilemba chako kikifuliwa sana!"

Wanawake wote waligeuka wakakitazama kilemba. Mmoja, Mkongo wa Uvira, alianza kucheka kwa tumbo, kisha wote. Midomo ya Mama Égide ikacheza. Lakini hakuwa mtu wa kuangushwa na neno moja.

"Haya, neno nimelisikia vibaya," akasema. "Na macho? Macho nayo ni ya Kifaransa? Nimeona zambarau, nimeona nyekundu, nimeona bluu, kanisani, mbele ya msalaba."

Niliokota ndoo yangu, nikakimbia kumweleza Égide. Ni Égide aliyetafuta njia. Old Town kulikuwa na sonara, mzee wa Kihindi, aliyemtengenezea hereni mteja mmoja wa Égide. Twende kwake, atuambie jiwe hili ni kitu gani. Mama Égide alikubali kwa sharti moja: mkalimani awe mimi, si mwanawe wala Tantine. Kichewa changu cha darasa la tano, lugha ya wenyeji wa Malawi, kilikuwa kizuri kuliko cha wakubwa wote, na zaidi ya hapo, alisema, mtoto anayecheka kisimani hajui kuficha kitu.

Tulipanda matola, gari la wazi nyuma, juu ya magunia ya mahindi. Hakuna aliyesema na mwenzake. Hivyo ndivyo nilivyojikuta Lilongwe, mkono mmoja kwa Mama Égide, mmoja kwa Tantine, Égide nyuma yetu kama mlinzi wa benki.

Duka lilikuwa jembamba, linanuka spiriti na ubani. Mzee alikuwa na nywele nyeupe masikioni na kioo kidogo cha kukuza alichokibana jichoni bila kukishika. Nilimweleza yote kwa Kichewa: rangi tatu, harusi, na mama huyu anaogopa. Hakucheka. Aliiwasha taa yake ya mrija, tiki, tiki, tiki, akaivua pete kidoleni mwa Tantine kwa heshima, akaiinua. Bluu. Mama Égide akanibana mkono. Mzee alitazama kwa kile kioo muda mrefu, akaigeuza, akatazama tena. Kisha akakiachia kioo kikadondoka kiganjani mwake, na badala ya kujibu akaniuliza mimi:

"Mphete iyi ndi yogulitsa kapena yovala?"

Nikamgeukia Tantine. "Anauliza, pete ni ya kuuzisha ao ya kuvala?"

"Kuuzisha?" Tantine aliruka. "Mwambie ni ya kuvala! Mi siwezi kuiuzisha hata nikufe njaa!"

Nikatafsiri, pamoja na njaa. Mzee alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Basi," akasema, "mwambie ni jiwe zuri sana."

Kisha akafanya kazi. Aliipeleka pete mlangoni kwenye jua: jakaranda. Aliirudisha, akazima mrija, akawasha taa yake ndogo ya mafuta ya kuchomea, akaisogeza pete karibu na moto wa utambi: ufizi. Akawasha mrija tena: bluu. Jiwe halina mtu ndani yake, alisema. Kila taa ina rangi zake, na jiwe linaonyesha zile linazopewa. Mama Égide alisikiliza tafsiri yangu kwa makini, akatikisa kichwa.

"Mwambie hiyo ni ya mawe. Mbona vitu vingine havifanyi hivyo?"

Mzee akafikiri, akanyoosha kidole juu ya kichwa chake. "Mwambie anipe kilemba."

Ilichukua muda. Hatimaye Mama Égide alikifungua, akabaki na mvi zake fupi nzuri ambazo hakuna aliyewahi kuziona. Mzee akakitandaza nusu juani, nusu ndani chini ya mrija. Upande wa jua ulikuwa zambarau yenye damu, iliyoiva. Upande wa ndani ulikuwa wa bluu iliyokolea, kama wino.

"Yoo! Mana yanje, Mungu wangu!" Mama Égide alikivuta ndani kizima, akakitoa nje kizima. Akarudia. Akaunyoosha mkono wake mwenyewe chini ya mrija, akaitazama ngozi, kucha, akautoa juani. "Na hiki ni cha kanisa," akanong'ona.

Égide, maskini, akasema polepole, "Mama, labda na chenyewe ni cha maovu."

Nilidhani atapigwa. Mama Égide alimtazama mwanawe, akamtazama Tantine, kisha kicheko kikamtoka kikubwa mpaka mzee akashika trei yake ya hereni. Alimkumbatia Tantine bila kilemba, hivyo hivyo, mbele ya wapita njia. "Mwanangu," akasema, "jifunze Kiswahili. Nusura uniue."

"Na weye mama ujifunze Kifaransa."

Mzee hakutaka malipo. Tulikula chipsi za kukaangwa kwenye bati kando ya barabara, tukirudi tunaongea wote kwa pamoja.

Harusi ilifanyika, na gauni langu lilikuwa na mikono ya kuvimba. Jua lilipozama Mama Égide alipita meza hadi meza akiwaambia wageni, "Msiondoke! Subirini jenereta iwashwe muone pete ya mkwe wangu!" Ilipowashwa alimwinua Tantine mkono mwenyewe, kama refa anavyomwinua bondia.

Basi, mwezi uliopita, nikiwa nakwepa mvua. Umeme ulikuwa umekatika dukani, na mbele yangu kulikuwa na trei ya pete na shanga za rangi ya jakaranda, zimepigwa na mwanga wa dirishani. Umeme ukarudi. Tiki, tiki, tiki, nzzz. Trei nzima ikawa bluu. Bluu ileile, ya moshi wa kuni mbichi. Nikamuuliza binti wa duka ni mawe gani hayo, bei yake ikiwa imenishangaza kwa udogo.

"Si mawe, amayi," akasema. "Ni vioo tu. Kuna aina ya kioo inafanya hivyo. Watu wanavipenda."

Nilisimama pale hata baada ya mvua kukatika. Nilikiona tena kile kioo kidogo kikidondoka kutoka jichoni mwa mzee, na ule muda mrefu kabla hajauliza swali lake. Kwa miaka yote hii nilidhani alikuwa anauliza kwa sababu anataka kuinunua.

Jioni nilimpigia Tantine simu ya video. Bado yuko Dzaleka, ana wajukuu sasa, na Égide akamsogezea simu usoni. Pete ilikuwa palepale. Katika mwanga wa simu ilikuwa na rangi ya nne, ambayo sijaipatia jina.

"Tantine," nikasema, "ile pete, ungepata mtu wa kuinunua..."

"Nani? Iko wapi huyo muntu? Mwambie aende kwao! Ya kuvala hii. Kwa nini unaniuliza?"

Mzee yule nilimwona wazi kabisa, na nywele zake nyeupe za masikioni.

"Hakuna," nikamwambia. "Nilitaka kukuambia tu kwamba ni jiwe zuri sana."