Niliambiwa nikate paa la hot rod la mzee mmoja huko Doha. Kilichonizuia ni alama moja kwenye dari

Wakuu, heshima zenu popote mlipo.

Ninachoandika hapa nimekiona kwa macho na kukishika kwa mikono. Majina tu nimebadilisha, maana wenyewe wapo na mmoja wao anashinda mitandaoni.

Kwa wasionijua: niliacha shule form one, kule Korogwe. Hakuna aliyenifukuza. Niliona lori linaelekea Moshi, nikapanda. Tangu hapo nimefanya kazi Arusha, Nairobi, Mombasa, Muscat, na kila nilipokaa sana miguu ilianza kuniwasha.

Ufundi bodi ndio kitu pekee kilichonikaa. Kunyoosha bati, kuchomelea, kupiga pati, mpaka mlango ulioliwa na kutu urudi kuwa mlango.

Lakini Doha sikuingia kama fundi. Niliingia kama mlinzi.

Hiyo ni miaka ile metro bado haijaanza, nusu ya mji imezungushiwa mabati ya ujenzi. Nasimama getini saa kumi na mbili kwa siku naandika namba za magari ya watu. Linapita gari limebonyea mlango, mikono inaniwasha, na siruhusiwi hata kuligusa. Ukishawahi kuwa na kazi unayoipenda halafu ukaikosa, utanielewa.

Basi Ijumaa moja asubuhi, siku yangu ya off, niliamka pale camp yetu Al Rayyan, nikavaa viatu, nikatoka.

"Unaenda wapi?" wenzangu wa chumbani wakauliza.

"Sijui."

"Unarudi saa ngapi?"

"Sijui."

Mganda mmoja aliyekuwa anapiga pasi akasema, "Huyu siku moja atafika Saudia kwa miguu, halafu atupigie simu kutuuliza pale ni wapi."

Nikatembea tu. Majumba makubwa, kuta ndefu, barabara tupu. Ijumaa asubuhi kule hata paka wamelala.

Ndipo nikasikia grinda.

Aliyewahi kuwa fundi anajua: grinda ikigusa chuma kinene inalia vingine, ikigusa bati jembamba inalia vingine. Hii ilikuwa bati jembamba, na aliyeishika alikuwa anakandamiza mno. Nikaifuata sauti mpaka nyuma ya nyumba moja, geti liko wazi, banda kubwa, na ndani yake gari.

Wakuu, lile gari.

La Kimarekani, la miaka ya thelathini, milango miwili. Mudguard zote zilishatolewa zamani, injini kubwa imekaa wazi mbele kama mtu aliyevua shati. Wenyewe wanaita hot rod. Na juu yake paa refu, la mviringo.

Mwenye grinda alikuwa Mkenya wa Bungoma, nitamwita Wafula. Dereva wa ile nyumba, na fundi injini kwa pamoja.

"We nani? Unatafuta nini hapa?"

"Unaliunguza bati, kaka. Litapinda."

Akaniangalia juu mpaka chini. "Haya, Mtanzania, nionyeshe. Na usianze kuniomba samahani, shika tu."

Nikashika. Sijui nilishika kwa muda gani. Nilipozima, nyuma yangu amesimama kijana wa Kiqatari mwenye kofia ya michezo. Huyo ndiye Nasser, mtoto wa mwenye nyumba. Alikuwa anaongea Kiingereza na Kiarabu kwa pamoja, nami nilikuwa namwelewa.

Akaniuliza kama naweza kushusha paa inchi nne.

Nisimame hapa kidogo kwa wasio mafundi. Kuchop paa ni hivi: unakata nguzo zote zinazolibeba, kila moja unaitoa kipande cha inchi nne, unashusha paa, unachomelea tena. Vioo vyote unakata upya. Ukikosea nguzo moja kwa unene wa ukucha, paa halitakaa sawa maisha yake yote. Na kile ulichokwisha kukata hakirudi.

Nasser alikuwa ameona picha za magari yaliyoshushwa, paa liko chini kama mtu aliyevuta kofia kwenye macho. La kwao aliliona kama kofia ya mpishi. Alitaka kulipeleka maonyesho, na alitaka liwe na mkono wake. Akiwa na furaha alikuwa analiita "gari langu". Akiudhika, "gari la baba".

Nikasema naweza.

Tukakubaliana: niwe nakuja kila Ijumaa kufanya maandalizi, na siku tutakapoanza kukata atanihamishia kwake kama fundi. Wakuu, sikulala kwa furaha. Mkataba wangu wa ulinzi ulikuwa unaisha mwezi ule ule. Fomu ya kuongeza ilipoletwa, nikairudisha tupu. Sikutaka kuliona tena lile geti.

Kazi ya kwanza ilikuwa kutoa kitambaa cha dari. Nasser akasema kitupe, kimezeeka.

Nikakitoa, nikakitandaza juani nikikunje. Nikaiona.

Juu ya kiti cha dereva palikuwa na duara. Kitambaa kimelika, kimekuwa cheusi, kinang'aa kidogo.

Sikujua ni nini mpaka alasiri ya siku ile, Wafula alipomleta mzee.

Mzee mwenyewe ndiye aliyelinunua lile gari ujanani, kwa Mmarekani mmoja wa mambo ya mafuta aliyekuwa anarudi kwao. Miguu ilikuwa imeshamchoka, haendeshi tena. Lakini kila Ijumaa baada ya alasiri alikuwa anashikwa mkono, anapandishwa, anakaa nyuma ya usukani kama nusu saa. Hawashi. Na anakuja amevaa kamili: kanzu, kitambaa cheupe cha kichwani, na juu yake ile kamba nyeusi ya duara, agali.

Siku ile alipokaa, aliinua kidevu kidogo, kama mtu anayetafuta mto kwa kichwa. Hakukuta kitu. Akashusha kidevu taratibu.

Hapo nikaelewa lile duara ni la nini: ni la agali yake.

Baba yangu alikuwa dereva wa lori la mashamba ya mkonge. Mtu mrefu, na kofia yake ya kufuma haimtoki. Kwenye dari la lori, juu ya kiti chake, palikuwa na alama kama ile. Nikiwa mdogo nilidhani magari yote yanatengenezwa hivyo.

Alipofariki mimi nilikuwa Mombasa nazurura. Habari ilinifikia arobaini imeshapita. Nikarudi nyumbani nikakuta lori limeuzwa chuma chakavu, limekatwa, limebebwa. Uani limebaki doa la oili. Nakumbuka nilisimama juu ya lile doa nikiwa na hamu ya kitu kimoja tu, kile kipande cha dari. Mpaka leo nikikaa kwenye gari lolote naangalia juu.

Sasa nitawaambia ukweli wenye aibu. Nilijua, na nikanyamaza.

Kitambaa sikukitupa, lakini sikumwonyesha mtu. Nilikikunja nikakificha chini ya meza ya kazi. Kwa sababu nikikionyesha, labda hatukati. Tusipokata, mimi si fundi.

Ijumaa tatu nilikaa na siri ile. Na Ijumaa zote mzee anakuja, anainua kidevu, anashusha.

Ijumaa ya tatu Nasser akataka kuonja jinsi itakavyokuwa. Nikakata plaiwudi kwa umbo la paa, nikaifunga ndani, inchi nne chini. Nasser akaingia na kofia yake ya michezo. Akakaa. Akapiga usukani kwa furaha.

Wafula naye akajaribu. "Iko sawa boss, lakini kichwa cha Bungoma itabidi nikiweke kwa boot."

Tukacheka. Adhana ya alasiri ikaita, mimi na Nasser tukaenda kuswali. Plaiwudi tukaisahau ndani.

Tuliporudi, Wafula alikuwa anampandisha mzee. Nilifungua mdomo niseme, nikachelewa.

Agali iligonga ubao, ikateleza, ikaanguka chini. Kwenye vumbi la chuma.

Sikuwa na miaka mingi kule, lakini hilo nilikuwa nalijua: agali ya mtu mzima haianguki chini mbele ya wafanyakazi wake. Wafula aliganda. Nasser aliganda.

Mzee akatazama juu. Akaugusa ubao kwa vidole, akaufuata mpaka mwisho, mpaka ulipogusa nguzo. Akaelewa.

Hakugomba. Akavua kitambaa cheupe, akakikunja mara nne, akakiweka gotini. Akabaki na kikofia kidogo cha ndani. Kichwa chake kilikuwa kidogo, wakuu, kidogo kuliko nilivyodhani. Akajisogeza, akakaa chini ya ubao, akashika usukani. Akamwambia mwanawe kwa Kiarabu chepesi ambacho hata mimi nilikielewa:

"Sasa natosha. Kata."

Nasser akaokota agali. Akaifuta kwa kanzu yake mwenyewe, ile nyeupe ya Ijumaa, ikabaki na mstari mweusi. Kisha akanigeukia mimi.

"Wewe fundi. Unasemaje?"

Neno "tukate" lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Ruhusa imetolewa na mwenye gari mwenyewe. Nani angenilaumu?

Nikainama chini ya meza, nikatoa kitambaa cha dari, nikakitandaza juu yake.

"Nilikwambia ukitupe," Nasser akasema.

"Ndiyo, boss."

"Umekaa nacho Ijumaa tatu?"

"Ndiyo."

"Mbona hukusema?"

"Nilitaka kazi."

Mzee akanyoosha mkono, Wafula akampelekea. Akaweka kidole kwenye lile duara na akacheka, mara ya kwanza kumsikia akicheka. Akasema barabara ya Dukhan wakati ule haikuwa na lami, na kila shimo lilimpiga kichwa hapo hapo.

Nasser akamrudishia baba yake agali. Mwisho akasema, "Kirudishe mahali pake." Akaingia ndani.

Basi. Hakuna asante, hakuna karipio.

Wafula akatikisa kichwa. "Umejimaliza, bro. Neno moja tu, 'kata', saa hii ungekuwa fundi. Sasa rudi ukaandike namba za gari."

Hakujua kwamba hata lile geti sikuwa nalo tena.

Wiki ile kitanda changu cha camp alipewa mtu mwingine. Ijumaa iliyofuata nilitoka asubuhi na begi langu, na safari hii hata yule Mganda hakutania. Sikuwa na mpango wowote zaidi ya kwenda kushona kitambaa.

Nilianza saa tatu. Pembeni palipooza nilitia kitambaa kipya. Ile alama sikuifua, sikuigusa. Nilipima mara tatu ili irudi palepale, si kushoto wala kulia.

Baada ya alasiri mzee akaja. Kanzu, kitambaa, agali. Akakaa. Akainua kidevu.

Niliisikia ikigusa. Sauti ndogo, kama kucha juu ya kitambaa. Akafumba macho.

Alipokuwa anashuka akaliona begi langu mlangoni. Akasema kitu kwa mwanawe. Nasser akanigeukia.

"Baba anauliza unalala wapi."

"Sijui."

Mzee akasema neno moja tu: "Najma."

Nasser akakuna shingo. "Kesho uje saa moja. Milango yote miwili inahitaji kunyooshwa." Akafika nusu ya uwanja, akageuka. "Paa usiguse."

Makaratasi ya kuhamia kwake yalichukua miezi, na msije PM kuniuliza habari za viza, sina dili lolote.

Jioni ile ile Wafula akanipeleka. Najma ni mtaa wa zamani, vibaraza vya washona nguo, maduka ya simu, harufu ya vitunguu vinavyokaangwa. Pale ndipo ile familia ilipokaa kabla hawajajenga Rayyan. Nyumba yao ya zamani wamepangisha, Wanepali huku, mafundi cherehani wa Kibangladeshi kule. Chumba cha mbele kilikuwa hakina mtu. Kilikuwa majlisi ya mzee, alipokuwa anapokelea wageni.

Godoro moja, AC inayokohoa, vumbi. Nikaweka begi, nikakaa chini, nikaegemea ukuta.

Ndipo nikaona. Kuzunguka chumba kizima, kwenye kimo cha mtu aliyekaa chini, ukuta ulikuwa na mstari wa alama hafifu, moja kando ya nyingine. Vichwa vya watu, miaka na miaka, wameegemea pale wanaongea.

Nilikaa miaka minne kwenye chumba kile. Kwangu hiyo ni rekodi. Wenye nyumba walinipa rangi nipake, nikapaka dari na mlango. Kuta sikupaka.

Nilichojifunza ni hiki: kabla hujakata kitu cha mtu, angalia kwanza yeye alikuwa anaegemea wapi. Na kama umeshaona, sema siku ile ile. Usikae Ijumaa tatu kama mimi.

Sasa nyie wakuu. Nyumbani kwenu kuna alama gani ya mtu ambayo hakuna anayethubutu kuifuta? Andikeni hapa chini, hata kwa mstari mmoja. Ya kwetu iliuzwa chuma chakavu, mimi nitasoma za kwenu.