Walivyoomba Nitoke

Juma lile kanisa letu hapa Bunia lilipoitisha maombi ya uamsho, dhambi waliyotaka Bwana aiondoe nilikuwa mimi.

Nilikuwa bado mgeni mjini. Nilitoka kijiji kimoja cha Djugu baada ya mume wangu kuuawa shambani na nyumba yetu kuchomwa. Dada yangu mkubwa, aliyeolewa Bunia tangu zamani, alinipa chumba nyuma ya nyumba yake, nami nikaanza kuuza samaki wa moshi wanaoletwa kutoka Tchomia, ziwani. Sokoni hakuna aliyejali kwetu ni wapi. Kanisani ndiko walikoniuliza, tena kwa upole, wakiwa wamenishika mkono: "Mama, kwenu ni upande gani?" Nikitaja kijiji, mkono uliachia. Kwetu kila kilima kina watu wake, na watu hao wana wafu wao. Mtu wa Bunia akisikia jina la kijiji tu, anajua tayari kama akupende au akuchukie.

Pasta wetu alikuwa mtu wa amani kupita kiasi, yule mtu wa amani anayefunga dirisha watu wakipigana nje. Jumapili moja alisimama akatuambia kanisa limelala. Tunaimba, alisema, tunacheza, tunatoa sadaka, lakini ndani tumekauka. "Tutakuja hapa asubuhi mapema juma zima," alisema, "mupaka Bwana atuamushe." Nilisema amina kwa moyo wote. Nilikuwa nimekauka kweli. Tangu nizike mume wangu nilikuwa nikisali kama mtu anayeongea na ukuta, na nilitamani mtu yeyote aniamshe, hata kwa kofi.

Maombi yaliongozwa na kiongozi wa wamama, tuliyemwita mama prezida. Ni mwanamke mrefu, anauza vitenge, na sauti yake haihitaji mikrofoni. Familia yake walikuwa wafugaji. Ng'ombe wao wote walichukuliwa, na mdogo wake aliuawa njiani akijaribu kuwafuata. Waliomuua walisemekana kuwa watu wa upande wetu. Hilo nililijua, kila mtu alilijua. Tangu nianze kuja pale hakuwahi kunisalimu. Nikimpa mkono, ghafla kitenge chake kilihitaji kufungwa upya.

Asubuhi ya kwanza kulikuwa na baridi na ukungu. Tulikaa kwenye viti vya plastiki, wamama wengi na wazee wachache wa kanisa. Mama prezida akafumba macho, akainua mikono, akaanza polepole, kuomba mvua ya Roho, kuomba machozi ya toba. Kisha sauti ikapanda.

"Bwana, safisha nyumba yako! Uamusho hauwezi kuingia kama nyoka iko ndani. Mchana wanakula na siye, wanaimba na siye, na moyo yao iko mu pori na wale wanatukata. Bwana, watoe! Watoe leo!"

"Amina!" wakajibu.

Nilifumbua macho. Wengi wao walikuwa wameshafumbua yao, na wote walikuwa wananitazama. Wanasema amina huku wananitazama, midomo ikitetemeka kwa utakatifu. Sijawahi kuwachukia watu kama nilivyowachukia wale wamama asubuhi ile. Hata waliomuua mume wangu sikuwaona nyuso. Hawa niliwaona.

Nikasimama. "Sema jina," nikasema.

Mama prezida aliendelea kuomba.

"Sema jina ya huyo nyoka! Mungu hajui kama unasema nani. Mwambie!"

Pasta alikuja mbio kwa ncha za vidole vya miguu, kama mtu anayekatiza ndani ya chumba cha mgonjwa. "Mama, tafazali, keti. Tuko mu maombi."

"Mimi pia niko mu maombi, Pasta. Namuuliza huyu mama mbele ya Mungu."

Ndipo mama prezida alipofungua macho na kunitazama, mara ya kwanza tangu tujuane. Hakutaja jina. Alisema tu, "Mwenye kujisikia, amejisikia," na wamama wawili waliokaa mbele wakacheka kicheko kidogo, puani. Nilichukua kitambaa changu cha kichwa kilichokuwa kimeanguka nikatoka.

Dada yangu aliposikia alikasirika, lakini si kama mimi. "Usirudi tena kule," alisema. "Omba hapa nyumbani. Mungu iko hata hapa."

"Mungu iko hapa, yaya," nikamjibu, kama tunavyomwita dada mkubwa. "Lakini adui yangu iko kule."

Kesho yake nilirudi. Nataka nieleweke: sikurudi kwa imani. Nilirudi kwa hasira. Nilipita katikati ya viti nikaenda kukaa mbele kabisa, mahali ambapo mama prezida akifumbua macho ataniona. Waliokuwa karibu wakahamisha viti. Mmoja akaweka Biblia na mkoba wake kwenye kiti cha pembeni yangu, kisha akaona hata mkoba uko karibu mno, akauchukua. Mama prezida alipoomba Bwana atakase kanisa, mimi nikaomba juu ya sauti yake: "Ndiyo, Bwana, na uanze na yeye!" Alipopandisha, nilipandisha. Watu wanaopita barabarani lazima walidhani Roho ameshuka kwetu kwa nguvu. Ilikuwa ni wanawake wawili wanaogombana kwa kumtumia Mungu kama fimbo, na kila mmoja ameshika upande wake.

Siku zikaenda hivyo. Asubuhi moja tulikutana kwenye bomba la uani, mimi nanawa uso, yeye anajaza maji kwenye bidoni, dumu la kanisa. Hakukuwa na mtu mwingine.

"Unarudi kufanya nini?" akaniuliza.

"Na weye unaomba nini?"

"Mdogo wangu alikufa anasikia luga yenu," alisema. "Hiyo ndiyo alisikia mwisho. Nikikusikia unaimba, nasikia hiyo."

"Mume yangu alikufa anasikia yenu," nikasema. "Unafikiri ni mimi nilikuja hapa kwa kupenda sauti yako?"

Bidoni ilikuwa imejaa, maji yanamwagika kwenye viatu vyake, na hakufunga bomba. Nami sikumfungia. Tukaachana hivyo.

Jumapili ndiyo ilikuwa siku ya kufunga maombi. Kanisa lilijaa hadi nje. Kijana wa piano alikuwa anapiga zile noti za chini chini zinazowafanya watu walie hata kama hawana sababu. Mzee mmoja wa kanisa alikiri kwamba haongei na kaka yake kwa ajili ya mpaka wa shamba, akalia, watu wakalia naye. Wengine walianguka. Pasta alikuwa amelowa jasho, uso wake unang'aa. "Uamusho umefika!" alipaza sauti. "Umefika Bunia!" Halafu, kwa kuwa kila mtu alijua habari yetu, akaona huo ndio mwisho mzuri wa juma. Akaniita mbele. Akamwita mama prezida. Akatusimamisha tukitazamana, akaweka mkono kwenye bega la kila mmoja.

"Mukumbatiane," alisema. "Mbele ya Bwana."

Telefoni zikainuka kote kanisani. Piano ikapiga kwa nguvu zaidi. Tulikuwa karibu kiasi kwamba nilisikia harufu ya sabuni yake. Nilijua nikimkumbatia kanisa litalipuka kwa vigelegele, picha zitazunguka mji mzima, na kesho yake mkoba utawekwa tena kwenye kiti cha pembeni yangu.

"Siwezi," nikasema.

Wamama wakaguna. Nilisikia mmoja akisema, "Si mumeona?" Pasta akamgeukia mama prezida, macho yake yanamwomba amwokoe.

"Mimi pia siwezi," mama prezida akasema.

Piano ikanyamaza.

"Pasta, usitulazimishe uongo hapa mbele ya mazabahu. Mimi namuchukia huyu mama. Juma yote nimeomba atoke mu kanisa hii, na nilijua nafanya nini. Niliita hiyo uamusho." Hakuwa analia. Sauti yake ilikuwa kavu, ya mtu anayetaja bei. "Kama Bwana anataka kuamusha mutu, ajue atakuta hii."

Sikutegemea. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila tusi, si kwa hilo. Nikasikia nasema, "Mimi pia namuchukia. Juma yote nilikuja kwa ajili ya kumuchukia."

Kisha yeye akafumba macho, akasema kwa sauti ndogo niliyodhani hana: "Bwana, unasikia. Sina kingine cha kukupa." Nikasema amina. Ilikuwa amina yangu ya kwanza kwa maombi yake tangu juma lianze, na ilinitoka kabla sijaamua.

Usidhani kanisa lilifurahi. Walisema tumeharibu uamsho. Walisema Roho alikuwa ameshuka tukamfukuza. Pasta, mtu wa amani, alinipita mlangoni bila kunipa mkono. Wazee walimwambia mama prezida apumzike kidogo katika kazi ya kuongoza, na kupumzika huko hakujaisha hadi leo. Mimi, niliyekuwa nimeanza kuimba nao, niliambiwa kwamba kwaya ina sauti za kutosha.

Siku moja mchana alikuja kwenye meza yangu ya samaki. Alikalia bidoni iliyopinduliwa bila kualikwa, akaanza kunieleza habari za mdogo wake: jinsi alivyopenda kuimba akiwa na ng'ombe, jinsi walivyomkuta. Alieleza yote, na hakunionea huruma. Alipomaliza nikamweleza habari za mume wangu, nami sikumwonea huruma. Hakuomba msamaha. Sikuuomba. Wateja walikuja, wakatutazama, wakaenda kwa jirani.

Akiinuka alisema, "Ijumaa kuja kwangu, tuombe." Hivi ndivyo maombi ya Ijumaa nyumbani kwake yalivyoanza. Kwanza tulikuwa wawili. Sasa wako wanawake wengine, wa makabila yetu na wa mengine, baadhi bado wanaishi chini ya hema katika kambi ya waliokimbia vita. Sharti ni moja tu, nalo aliliweka yeye: hapa hakuna kumwambia Mungu habari za mwingine kwa mafumbo. Unayemchukia, mtaje, akiwa amekaa mbele yako. Hakuna piano. Mara nyingi kuna kelele, na mume wake huondoka mapema.

Mimi na yeye hatujawa marafiki. Majuzi habari ziliingia mjini kwamba watu wameshambuliwa tena vijijini, upande wa kwao. Nilipofika Ijumaa hiyo alinisimamisha mlangoni, uso umevimba kwa kulia, akaniambia, "Leo sitaki kukuona," akafunga mlango usoni mwangu. Nilirudi nyumbani nikamwapia dada yangu kwamba basi, imekwisha. Ijumaa iliyofuata sikwenda. Saa ya maombi ilipopita kidogo, telefoni ikalia nikiwa sokoni.

"Uko mugonjwa?" akauliza.

"Hapana. Niko na hasira."

Nyuma yake nilisikia wanawake wengine wakibishana.

"Basi kuja nayo," alisema, akakata.

Nikafunika samaki, nikamwomba jirani aniangalizie meza, nikasimamisha pikipiki ya kunipeleka kwake.