Search engine niliyoset up ilisema "Hakuna matokeo", mama wa watu akaenda kuzika bila sisi

Wakuu, niaje.

Wanaonijua humu wanajua mimi ni wa nyuzi za Linux na kompyuta mitumba, sio wa story za maisha. Leo nimekuja na zote mbili. Sitaongeza chumvi, na pale nilipokuwa mjinga nitasema nilikuwa mjinga.

Nina cyber ndogo huku Lucky Summer, Nairobi. Naprint, nascan, najazia watu fomu, natengeneza laptop. Nimezaliwa hapa, mama yangu yuko hapa, na hapa kwetu kuna kikundi cha msiba ambacho kimenizidi umri.

Kilianzishwa na watu waliokuwa wanafanya kazi viwanda vya Baba Dogo, wengi wao kutoka magharibi. Baadaye wakaingia majirani kutoka Murang'a na Kirinyaga. Kazi yake ni moja tu. Ukifiwa, hauachwi peke yako.

Katibu tangu mwanzo alikuwa Mzee Barasa. Kila mkutano aliuandika kwa mkono, kwa yale madaftari makubwa ya jalada gumu. Nani alikuja, nani alifiwa, nani alisafiri na maiti hadi nyumbani. Madaftari kumi na manne, mwandiko mmoja.

Halafu kuna kitu mnafaa kujua kuhusu mwandiko huo. Mzee Barasa hakuandika majina ya kitambulisho. Aliandika watu vile wanaitwa mtaani: Mama Brian, Baba Wambui, Mama Sharon. Nusu ya watu wa hapa hata mimi sijui majina yao ya ID, na tumeishi ploti moja.

Macho yakaanza kumsumbua mzee. Siku moja akaja kwa cyber na yale madaftari yote kwa gunia.

"Oscar," akaniambia, "hivi vitabu vikipotea na mimi nikipotea, hiki kikundi kimekwisha."

Nikamwambia nitamwekea search engine. Hakuelewa, lakini aliniamini.

Sasa wenye haraka ya technical, hii ndiyo sehemu yenu.

Nilienda Eastleigh nikapata desktop refurb, RAM ya 8GB, nikaongeza SSD. Nikaweka Linux bila desktop environment, juu yake search engine ya open source. Jina lake silitaji, sijaleta tangazo hapa. Mara ya kwanza niliipa memory mingi sana hadi mashine yenyewe ikakosa ya kupumulia, ikawa inaanguka kila siku. Nikaipa nusu, seva yetu ikatulia.

OCR, ile programu ya kusoma maandishi kwa picha, nilijaribu. Mwandiko wa Mzee Barasa uliishinda kabisa, ikawa inanirudishia matakataka. Kwa hivyo nilitype mwenyewe. Madaftari yote kumi na manne, kati ya mteja na mteja, miezi kadhaa. Mkutano mmoja, document moja.

Stima ilipotea katikati ya indexing mara mbili na index ikaharibika. Nikanunua UPS, ile betri ya akiba. Nikaanza kuchukua snapshot, yaani nakala ya index nzima, kila siku kwa disk ya nje. Msirudie makosa yangu hapo, anza na UPS.

Kitu kingine. Kwa kila search engine kuna stopwords, yaani maneno ambayo yako kila mahali hadi unaiambia iyapuuze, kama "na" na "ya". Mimi nikaona "mama" na "baba" ziko kila mstari, karibu niziweke kwa hiyo list. Nikashtuka mapema. Nikiziondoa, Mama Brian na Baba Brian na Brian mwenyewe wanakuwa mtu mmoja! Nikaziacha zilivyo, na nikajipongeza sana siku hiyo. Nilijiona mimi ndiye ninaelewa data ya watu wangu.

Kwa wasiojua, search engine ni kama ile orodha ya maneno nyuma ya kitabu. Kila neno na kurasa zake. Ukiuliza neno inakupa kurasa, basi. Haifikirii.

Siku ya kuonyesha kikundi, tulikuwa kanisani baada ya ibada. Watu walipiga makofi. Kila mtu alitaka nitafute jina lake. Wazee walicheka wakisikia vile walibishana kuhusu sufuria miaka hiyo. Mama yangu alikaa na wenzake kwa benchi la wanawake, na nilimwona akinionyesha kwa kidole, yaani huyo ni wangu.

Sasa kikundi kimekuwa kikubwa, na huwezi kusafirisha watu wote kwa kila msiba. Kwa hivyo walikuwa wamekubaliana hivi: familia ya mwanzilishi, yaani aliye kwa daftari la kwanza, inasindikizwa na kikundi chote hadi nyumbani. Basi, kwaya, watu wanalala huko hadi mazishi yaishe. Waliojiunga baadaye wanaombewa hapa mtaani na kutumiwa wajumbe wawili.

Shida ilikuwa watu kubishana nani ni mwanzilishi. Ni mimi niliyesimama nikasema, "Mambo ya kubishana yameisha. Seva itasema."

Ni mimi, wakuu. Hakuna mtu alinituma.

Haikuchukua muda. Baba Sharon akafariki.

Huyu mzee na mkewe nimewajua tangu nikiwa mtoto. Mama Sharon alikuwa akinipea mandazi nikitoka shule. Kwangu alikuwa Mama Sharon tangu nipate akili.

Mkutano ukaitwa Jumapili mchana. Mzee Barasa hakuwepo, alikuwa ameenda kufanyiwa upasuaji wa macho. Mwenyekiti wetu ni mtu mzuri lakini amehamia juzi tu.

Mama Sharon akasimama na leso yake kichwani. "Mimi nimekuwa hapa tangu mwanzo," akasema.

"Pole sana, mama," mwenyekiti akamjibu. "Hakuna anayekukataa. Lakini tulikubaliana vitabu ndivyo vitaongea. Oscar, hebu angalia."

Nikafungua laptop. Nikachagua daftari la kwanza. Nikaandika Mama Sharon.

Hakuna matokeo.

Nikaandika Baba Sharon.

Hakuna matokeo.

Nikafungua madaftari yote, wakaanza kuonekana kutoka daftari la tatu. Nikasoma hiyo kwa sauti, na naikumbuka hiyo sauti yangu. Ilikuwa ya karani aliye nyuma ya dirisha. "Mara ya kwanza ni daftari la tatu, mwenyekiti."

Mama Sharon aligeuka akaangalia benchi la wanawake. Mama yangu alikuwa hapo. Mama yangu akaangalia mikono yake.

"Kama imeandikwa hivyo, sawa," Mama Sharon akasema, akaketi.

Tulienda nyumbani pamoja. Kwa gate mama akasema, "Hiyo kitu yako haijui watu."

Nikamjibu, "Mama, data ni data."

Mungu anisamehe.

Baba Sharon alizikwa Jumamosi, huko mbele ya Kakamega. Tulituma wajumbe wawili.

Mzee Barasa alirudi baada ya wiki mbili na miwani nyeusi. Hakuenda kwake kwanza, alikuja moja kwa moja kwa cyber. Akaketi kwa kiti cha wateja.

"Baba Sharon mlimsindikiza vipi?"

Nikamweleza. Alivuta kiti karibu na skrini.

"Andika Mama Kevin," akasema.

Nikaandika. Ukurasa ukajaa. Daftari la kwanza, la pili, mwanzo wa la tatu, halafu kimya. Ya juu kabisa ilikuwa ukurasa wa kwanza wa daftari la kwanza. Nainakili hapa vile ilivyo:

"Mkutano wa kwanza umefanyika nyumbani kwa Baba Kevin na Mama Kevin. Chai imetolewa na mwenye nyumba."

Wakuu, kikundi kilizaliwa kwa sitting room yake.

"Kevin aliugua wiki moja tu," Mzee Barasa akaniambia. "Tulipotoka kumzika, hakuna mtu aliwahi kumuita huyo mama hilo jina tena. Utamuitaje mtu kwa mtoto aliyemzika juzi? Sharon alikuwa bado mgongoni. Tukahamia kwa Sharon. Hata mimi kwa daftari nilibadilisha siku hiyo hiyo."

Akatoa miwani akapangusa macho, sijui ni dawa au ni machozi.

"Na hii si kitu mpya, Oscar. Wewe unaijua."

Naijua. Kila mtu aliyelelewa huku anaijua. Mtoto akifa, mtaa unahama na jina bila mkutano na bila tangazo, ili mama asichomwe kila akiitwa. Nilikuwa naijua kama njia ya kwenda dukani, na sikuiweka kwa seva. Na lile jina Mama Kevin nililitype mwenyewe, mara nyingi ajabu, nikikimbiza kurasa ziishe.

Nilienda kwa Mama Sharon mchana huo huo. Nilimkuta anachagua maharagwe. Nilianza kuomba msamaha, maneno yakagongana, akaniambia niketi kwanza.

"Watu wa nyumbani waliuliza, watu wa Nairobi wako wapi?" akasema. "Nikawaambia mmekwama njiani. Hata kaburi likifunikwa, bado nilikuwa nasema mko njiani."

Nikamuuliza kwa nini hakusema siku ile. Neno moja tu, ningelitafuta.

"Niseme nini? Niiteni Mama Kevin?" Hakupandisha sauti, mikono yake iliendelea na maharagwe. "Miaka yote mmenifichia hilo jina kwa huruma. Halafu siku nimefiwa na baba yake, nilitoe mimi mwenyewe mbele ya watu, ndio nipewe basi?"

Nililia hapo, sioni haya kusema. Aliniacha nilie, akanipa chai.

Kikundi kilimwandikia barua ya kuomba msamaha na mwenyekiti akaipeleka mwenyewe. Kilikubali pia kwamba siku ya kuweka msalaba kaburini tutaenda sote. Lakini mazishi hayarudiwi.

Sasa turudi kwa seva kidogo.

Kuna faili inaitwa synonyms. Unaiandikia mstari mmoja kwamba jina hili na lile ni kitu kimoja, na ukitafuta moja inakuletea yote mawili. Dakika tano tu, ukiwa na majina.

Majina ndiyo sikuwa nayo. Na ningeenda vipi kugonga mlango wa mtu na kumuuliza, samahani mama, ulikuwa unaitwaje kabla mtoto wako afe?

Nilimweleza Mama Sharon shida hiyo. Akafikiria. "Andika yangu iwe ya kwanza," akasema. "Hao wengine niachie mimi."

Sijui aliwaambia nini. Lakini wiki iliyofuata wakaanza kuja kwa cyber, mmoja mmoja. Wengine walisubiri wateja waishe kwanza. Mmoja alisimama mlangoni, akataja jina, akaondoka kabla sijamaliza kuandika. Mwingine aliketi karibu saa nzima akinieleza vile mtoto wake alikuwa anaogopa kuku. Kuna aliyesema wake hakuwa amefikisha hata mwezi, mtaa ulikuwa umeshaanza kumuita Mama Baby, basi niandike hivyo hivyo Mama Baby.

Mistari thelathini. Nimefanya kazi na mafaili kama hayo ya config miaka mingi, na hiyo ndiyo peke yake ambayo naifungua polepole.

Jumamosi moja nikiwa nafunga, mama yangu akaingia. Huwa haji kwa cyber, anasema inamuumiza macho. Aliketi pale pale alipokuwa ameketi Mzee Barasa.

"Yangu hujaandika," akasema.

Wakuu, mimi nilijua. Niseme ukweli vile niliahidi, nilijua kabla yangu kulikuwa na dada yangu Linet. Kuna picha yake ndani ya sanduku. Alienda nikiwa sijafikisha miezi mitatu. Hatumwongelei, na nilikua nikiwa Oscar wa Mama Oscar kana kwamba dunia ilianza na mimi. Mama Linet yumo kwa daftari la kwanza, nilimtype kwa vidole hivi, nikampita nikidhani ni Linet wa watu wengine.

"Siku ile ya Mama Sharon, ungesema," nikamwambia.

"Ningesema la Kevin, lingefuata la Linet," akajibu. "Sikuwa tayari. Sasa andika."

Nikaandika. Mstari wa thelathini na moja: Mama Linet, Mama Oscar.

Nikareload index. Akaniambia nitafute. Nikaandika Mama Oscar, na kwa mara ya kwanza mashine ikamleta mama yangu kutoka ukurasa wa kwanza kabisa. Alisoma jina kwenye skrini kwa sauti ya chini, mara mbili. Halafu akachukua mkoba wake tukaenda nyumbani.

Nilichojifunza ni kwamba ile "Hakuna matokeo" ilikuwa na maana moja tu, kwamba mimi sikujua la kuuliza. Nikaisoma mbele ya mjane kama hukumu.

Wenye maswali ya memory, stopwords na snapshot tupieni hapa chini, nitajibu yote. Wenye kunitukana pia karibuni, nimestahili. Lakini kabla hujaandika chochote, kama mama yako bado yuko, muulize alikuwa anaitwa Mama nani kabla yako.