Mguu wa Mama na Chupa ya Mafuta ya Nazi

Mama alikuwa na jambo moja aliloliogopa kuliko kifo: mguu wake kumtangulia kaburini. Kwetu Mishomoroni kiungo kikikatwa hakitupwi, huzikwa. Mama alikuwa amemwona jirani yetu akizikiwa mguu huku mwenyewe yu hai kitandani, anauliza huo mguu umelazwa upande gani. Kwa hiyo donda lilipomtoka chini ya wayo, na daktari akasema ni la sukari na lisipofunga mguu utakatwa, hakulia. Aliniambia tu, "Mwanangu, nataka kwenda kwa Mola wangu nikiwa mzima. Usiwawate, usiwaache wanigawe."

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya themanini, nami nilikuwa nikisomea uuguzi ng'ambo ya daraja, mjini. Siku hizo hizo mwalimu wetu alitufundisha jinsi chembe nyeupe za damu zinavyopigana. Alisema kila chembe imevikwa ngozi nyembamba ya mafuta, tabaka mbili zilizobanana. Chembe nyeupe haina mikono wala meno. Ikikutana na kijidudu huikunja ngozi yake, ikamzunguka, ikammeza. Mafuta hayo yakiwa laini, ngozi hukunjika upesi. Yakikakamaa, chembe huchelewa, na vijidudu wanastarehe. Kisha akaongeza kwamba mafuta tunayoyala nayo huingia, kwa kiasi fulani, katika ngozi hiyo. Hapo nikaacha kuandika.

Ulikuwa mwezi wa Julai, na kila mtu wa pwani anajua mafuta ya nazi yanavyokuwa asubuhi za Julai. Nilipofika nyumbani niliikuta chupa ya mama dirishani imeganda, nyeupe, hata kijiti hakiingii. Nikaona ndani ya mwili wake jeshi zima la chembe nyeupe limekakamaa vivyo hivyo, linalitazama donda na haliwezi kitu. Niliogopa kweli.

Basi nikaichukua mbuzi ya kukunia nazi nikaificha uvunguni mwa kitanda changu. Kumnyima mtu wa Mishomoroni nazi si mzaha. Wali niliupika kwa mafuta ya alizeti, mchuzi wa samaki kwa nyanya na maji. Mama alionja tonge moja, akauondoa mkono kwenye sinia.

"Hiki chakula cha mgonjwa au cha mfungwa?"

Akaanza kukonda, na donda halikufunga. Nilimweleza daktari kwamba nimemnyima nazi. Akafurahi, akasema niendelee, nazi hupandisha kolesteroli, na kolesteroli ni adui. Nikaenda kwa mwalimu. Yeye akasema kolesteroli imo katika ngozi ya kila chembe, huizuia isilegee mno wala isikakamae mno.

"Sasa ni adui au ni rafiki?"

"Inategemea," akasema. Tena, akaongeza, sukari ikizidi katika damu, chembe nyeupe hudhoofika hata ngozi zake ziwe laini vipi.

Nilitoka pale nimekasirika, sijui namkasirikia nani. Nilikwenda shule nitoe ujinga, na sasa nilikuwa na ujinga wa aina tatu.

Asubuhi moja mama akaniita.

"Abee, mama."

"Njoo unipake mafuta ya nywele."

Alikuwa ameibana chupa kwapani, ndani ya leso, kama alivyofanya kila Julai tangu nikiwa mdogo. Akanipa. Mafuta yalikuwa yameyeyuka yote, yanacheza ndani kama maji. Nikasimama nayo mkononi. Kama joto la kwapa lake linayayeyusha, yangegandaje katika damu yake? Na kama hayagandi, basi yale ya mwalimu ya kukakamaa yalikuwa na maana gani?

"Mbona wanitumbulia mato?"

"Mama, sielewi chochote."

"Basi kapike wali wa nazi. Utaelewa ukishashiba."

Niliitoa mbuzi uvunguni. Alikula kidogo, kwa ajili ya ile sukari, lakini alikula. Dawa akameza, nami nikaliosha donda kila siku, na jirani yetu yule wa mguu mmoja akaja kumsomea dua. Polepole donda likaanza kufunga kutoka pembeni. Daktari akasema ni dawa zake. Jirani akasema ni dua. Mama akasema ni tui. Mwalimu, nilipomuuliza, akakuna kidevu akasema huenda ni mambo mengi kwa pamoja, na mengine bado hayajulikani. Wallahi nilitamani mmoja wao awe sahihi peke yake.

Mama alifariki miaka kadhaa baadaye, kwa ugonjwa wa moyo. Nilikuwa miongoni mwa waliomwosha. Nilipofika kwenye wayo nikapitisha kidole juu ya kovu, nikakawia hapo. Nilitaka kushukuru, na hata saa ile sikujua nimshukuru nani baada ya Mungu. Bibi aliyetuongoza akaniuliza kuna nini.

"Hakuna kitu, bibi," nikasema. "Anakwenda mzima." Nikaendelea kumwagia maji.