Nilijifunga Kifua Nipate Maziwa ya Mkebe

Nilidanganya, na sina wa kumsingizia. Shetani mwacheni apumzike, mimi mwenyewe nilitosha.

Miaka ile ya hamsini, mume wangu alikuwa akitia makaa kwenye gari la moshi hapa Nakuru, tunakaa landhi, zile nyumba za mistari za wafanyakazi wa reli. Kliniki ikaanza kugawa maziwa ya unga kwa akina mama waliokaukiwa. Mimi, na mtoto wangu mchanga mgongoni, sikuwa nimekaukiwa. Nilikuwa natiririka mpaka blauzi inanata! Lakini mkebe ule ulinitia wazimu. Nilitaka Jumapili wanawake wa kanisa wanywe kwangu chai nyeupe, wakaitangaze landhi nzima.

Basi siku ya kliniki najifunga leso kifuani, nakaza mpaka kupumua ni taabu, nisije nikalowa mbele ya nesi. Nakunja uso kama mfiwa. "Sista, hakuna kitu." Ananihurumia, napewa mkebe.

Jirani yangu, Mama Atieno, alikuwa akinyonyesha mlangoni kwake bila haraka. Akaniambia, "Dada, fungua hiyo leso. Utajikausha kweli."

Nikamcheka. Tena mbele ya wageni wangu nikamwita ng'ombe wa landhi, nao wakacheka huku wakiongezewa chai.

Haukupita muda, kifua kikakauka kweli. Na mkebe nao, wageni walikuwa wameumaliza. Mwanangu nikawa nampa maji ya kusuuzia mkebe, yenye weupe wa kudanganyia macho. Akakonda, mpaka kulia akawa hawezi. Nikakimbia kliniki, wakaniambia maziwa hayajafika.

Nilirudi nikasimama mlangoni kwa Mama Atieno, mtoto mikononi.

"Mlete," akasema. "Hayo mengine tutagombana akishiba."

Alimnyonyesha pamoja na wake mpaka akapata nguvu. Na hatukugombana kamwe, hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Mtoto huyo sasa ana mvi. Akija Nakuru anaanzia kwa Mama Atieno, namsikia akicheka huko, nami nimekaa na sufuria yangu nikimngoja. Nalia wivu, halafu najicheka. Nilijitakia.

Wewe mwenye mtoto mchanga, maziwa yakikujaa, mpe mtoto wako. Ukipewa ya mkebe kwa ajili yake, ni yake. Wageni wape strungi, chai kavu isiyo na maziwa. Sijaona mgeni aliyekonda kwa kunywa strungi.